Afisa wa hali ya hewa: kutoka jeshini hadi darasani

Afisa wa hali ya hewa jeshini ndiye anayeulizwa, kabla ndege haijaruka, kama rubani ataona njia huko anakokwenda. Jibu lake hutokana na vipimo vinavyosomwa saa baada ya saa: upepo unavuma kutoka wapi na kwa kasi gani, mawingu yako juu kiasi gani, mwonekano ni wa kilomita ngapi, joto na mgandamizo wa hewa vikoje. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kamuzu, ulioko Lumbadzi kaskazini mwa Lilongwe nchini Malawi, kazi hiyo ni ya idara ya kiraia, Idara ya Mabadiliko ya Tabianchi na Huduma za Hali ya Hewa. Uwanja huo uko mita 1,230 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, na jua likiwaka ndege iliyosheheni hukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Kwa hiyo kipimo cha joto nacho ni suala la usalama.

Hata pale inapofanywa na raia, taaluma hii ilikulia mikononi mwa wanajeshi. Robert FitzRoy, afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, alikabidhiwa mwaka 1854 ofisi iliyokuja kuwa idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo, na mwaka 1861 akaanza kutoa utabiri magazetini. Mwezi Juni 1944, James Stagg, afisa mkuu wa hali ya hewa, alimshauri Jenerali Eisenhower, kamanda wa majeshi ya Washirika, aahirishe kuvuka bahari kwenda Normandy kwa sababu ya dhoruba. Majeshi yakavuka tarehe 6, siku moja baada ya ile iliyopangwa.

Vita hivyo, Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vilihitaji watabiri kwa maelfu, na vyuo vikuu vya Marekani vikageuzwa kuwa mahali pa kuwafundisha. Miongoni mwa Wamarekani weusi wachache waliopata nafasi hiyo alikuwa Charles E. Anderson, aliyezaliwa Missouri mwaka 1919. Alisomea kemia katika Chuo Kikuu cha Lincoln, akahitimu mafunzo ya hali ya hewa katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1943, kisha akapangiwa Tuskegee, Alabama, kuwatabiria hali ya hewa marubani weusi ambao jeshi liliwatenga na wenzao weupe.

Baada ya vita aliongoza utafiti wa mawingu katika maabara ya jeshi la anga. Mwaka 1960 alipata shahada ya udaktari katika chuo cha MIT kwa utafiti juu ya namna mawingu ya mvua yanavyokua kwa mapigo, yakipanda, yakitulia, kisha yakipanda tena. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kufikia daraja hilo katika sayansi ya hali ya hewa. Kuanzia mwaka 1966 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambako pia aliongoza idara ya masomo ya Wamarekani weusi, na mwishoni akafundisha North Carolina. Alifariki mwaka 1994. Elimu aliyopewa kwa ajili ya vita aliigawa kwa vijana kwa zaidi ya miaka 20.

Afrika Mashariki nayo ina njia yake ya elimu hiyo. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ilianzisha huduma ya pamoja ya hali ya hewa jijini Nairobi chini ya Albert Walter, aliyetoka katika kituo cha uchunguzi cha Mauritius, kisiwa kinachojua vimbunga. Leo watabiri hufundishwa Nairobi na katika Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa, Kigoma.

Malawi ina mambo mengi ya kutabiri. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, ukanda wa mvua unaposhuka kusini. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huleta baridi, ukungu na manyunyu yaitwayo Chiperoni. Tarehe 10 Juni 2024, ndege ya jeshi iliyombeba Makamu wa Rais Saulos Chilima iliondoka Lilongwe kwenda Mzuzu. Mwonekano ulikuwa hafifu, ikashindwa kutua, ikaelekezwa irudi. Ilianguka katika msitu wa Chikangawa, na wote tisa waliokuwamo wakafariki. Mwaka mmoja kabla, Machi 2023, kimbunga Freddy kilichodumu siku 36 kiliua mamia ya watu kusini mwa nchi.

Kilomita 40 hivi kutoka Lilongwe, wilayani Dowa, iko kambi ya Dzaleka. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, na mwaka 1994 pakawa makazi ya wakimbizi. Kambi iliandaliwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinasikika kila kona. Nyumba nyingi ni za matofali mabichi, na mvua ya upepo hula kuta kutoka chini.

Hapo ndipo somo la afisa wa hali ya hewa linapofaa bila ndege wala jeshi. Kipimamvua husomwa saa mbili asubuhi, maji yakiwa usawa wa macho. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 30 juu ya bati la mita za mraba 20 ni lita 600, sawa na ndoo 30 za lita 20. Mwanafunzi akishapiga hesabu hiyo anajua ukubwa wa mfereji unaohitajika ili maji yasifike ukutani.

Tahadhari za serikali hutolewa hasa kwa Kiingereza na Kichewa. Mwalimu wa Dzaleka anayezieleza kwa Kiswahili, akafafanua milimita 50 zina maana gani kwa ukuta wa udongo na kwa shamba la mahindi, anafanya kazi ileile ya afisa wa hali ya hewa: kumpa mtu habari mapema, kwa lugha anayoielewa, ili aamue mwenyewe la kufanya. Kazi hiyo inastahili nafasi katika ratiba ya shule za kambi na katika mipango ya wanaotoa tahadhari.