Jengo la Umma Bondeni: Hesabu Ianzie Ardhini

Kariandusi, kati ya Gilgil na Ziwa Elmenteita, dayatomaiti nyeupe huchimbwa jirani kabisa na pale timu ya mwanaakiolojia Louis Leakey ilipofukua shoka za mawe mwishoni mwa miaka ya 1920. Januari 1928 tetemeko kubwa lilikuwa limepasua ardhi ya Subukia, katika kaunti hii hii ya Nakuru. Mgodi, urithi wa kale na ufa vikikaa pamoja namna hii, anayejenga jengo la umma sharti aijue ardhi kabla ya kumwaga zege.

Hapo ndipo modeli ya taarifa za jengo, BIM, inapolipa. Mchoro wa kawaida ni mistari tu. Ndani ya modeli, nguzo hubeba vipimo vyake, aina ya zege na bei, na tabaka za udongo zilizopimwa huingizwa chini yake. Bomba la majitaka likikata boriti, mhandisi huliona kwenye kompyuta na kulihamisha siku hiyo hiyo. Likigunduliwa saitini, mafundi husimama, mkandarasi huandika dai, na mlipa kodi hulipia ukuta mmoja mara mbili.

Majengo yenye maumbo magumu huihitaji BIM zaidi. Mwaka 2019 Richard Leakey, mwana wa Louis, alitangaza makumbusho ya Ngaren, yaliyosanifiwa na Daniel Libeskind kwa umbo linalofuata shoka za mawe kama zile za Kariandusi. Yalitarajiwa kufunguliwa 2024. Mwaka huo ulipita milango haijafunguliwa. Kuta zilizoinama hivyo haziwezi kukadiriwa vyema kwa michoro bapa, na makadirio mabovu huweza kukwamisha jengo.

Mbona basi ofisi nyingi ndogo zinasita? Leseni ya Revit, programu ya kutengenezea modeli za BIM, kwa mtu mmoja huzidi dola 2,000 kwa mwaka, ilhali mteja hulipa kwa shilingi, tena kaunti hukawia kulipa. Gumu zaidi ni ada ya msanifu. Jedwali la Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, Sura ya 525, huihesabu kwa asilimia ya gharama ya ujenzi. Anayegharimia modeli ni msanifu. Anayeokoa fedha ni mwenye jengo. Tena jengo likishuka bei, ada nayo hushuka. Nani atajitolea kwa mpango huo?

Uingereza iliukata mkwamo huu mwaka 2016 kwa kuilazimisha BIM katika miradi ya serikali kuu. Kenya imekwisha kuiacha kanuni ya ujenzi ya 1968 na kuchukua ile ya 2024, lakini kaunti ya Nakuru haina haja ya kungoja sheria nyingine. Ndiyo mteja. Iandike kwenye zabuni kwamba modeli italipwa kando na ada ya usanifu, kwamba upimaji wa udongo na nyufa utakamilika kwanza, na kwamba faili zitakabidhiwa kwa mfumo huria wa IFC, ili fundi wa kaunti azifungue hata miaka ishirini baadaye bila kununua leseni ya kampuni yoyote.