Je, Wajua? Mashine ya bitikoini na umeme wa nyumbani

Je, wajua kwamba mashine moja ya kuchimba bitikoini, Antminer S19 Pro, hula wati 3,250? Ikiwaka saa 24, hizo ni uniti 78. Kwa volti 230 huvuta ampea 14 na ushee, ilhali soketi ya kawaida ya nyumbani, iwe Buhare au Musoma mjini, ni ya ampea 13. Ukiichomeka hapo, plagi hupata moto na huweza kuyeyuka. Mashine hii huhitaji waya wake mnene kutoka meinswichi, uliofungwa na fundi umeme.

Je, wajua kwamba karibu umeme wote huo hugeuka joto? Ndani mna bodi tatu za chipu na feni nne. Mashine ikizimazima au kasi ikishuka, kwanza kata umeme, kisha safisha vumbi na wadudu wa ziwani walionasa kwenye feni. Halafu kaza viunganishi vya bodi.

Je, wajua kwamba kupunguza kasi huokoa umeme? Ukishusha mapigo na volti za chipu kwa asilimia 10 kila kimoja, umeme zinaotumia hupungua kwa takriban asilimia 27, na kasi kwa asilimia 10 tu.

Hifadhi ya Virunga, Congo, ilianza uchimbaji wa bitikoini mwaka 2020 kwa umeme wa mtambo wake wa maji wa Luviro. Lakini wewe unayenunua umeme wa LUKU, piga hesabu kabla ya kununua mashine.