Mvinyo wa Sikukuu: Usinunue kwa Ulimi Wako

Desemba iliyopita niliweka karibu mtaji wangu wote kwenye katoni sita za mvinyo mkavu, kisa mimi naupenda. Wateja wa kwanza tu wakaja inbox: "Mbona mchachu?" Mzigo ukanidodea mpaka Pasaka.

Siku hizi mteja akiulizia, na mimi namuuliza: unapenda kitamu au kikavu? Mtakula nini?

✅ Ndo anaanza: mvinyo mtamu, kama Dompo ya Dodoma.
✅ Kuna nyama choma: mwekundu mkavu.
✅ Samaki au kuku: mweupe, uwe wa baridi.
✅ Baada ya msosi: Amarula na barafu. Ni laini kwa sababu ya krimu, ila mwambie kilevi ni asilimia 17, asiinywe kama juisi.

Chukua chupa chache za kila aina. Kinachotoka ndicho unachoongeza.

Kabla hujalipa duka la jumla, hakiki stempu ya TRA kwa simu. Bei ya kutupa inaweza kukuuzia feki. Uwe na leseni ya vileo, na aliye chini ya miaka 18 usimuuzie, hata akisema katumwa na baba.

Wewe ulidodewa na nini? Tuambizane hapo chini 👇