Ngao ya Mvemba a Nzinga Yafika Murara

Jioni moja katika mtaa wa Murara, hapa Goma, mvua ikipiga mabati na maji yakichuruzika juu ya mawe meusi ambayo kwetu ndiyo sakafu ya dunia, nilimkuta mtoto wa dada yangu ameinamia kompyuta kuukuu iliyopungukiwa na herufi mbili katika vitufe vyake, akipitisha kikosi cha askari ndani ya msitu mnene uliochorwa kwa ustadi mkubwa. Hakuinuka kuniamkia kama adabu inavyodai, nami nilikuwa tayari kumkaripia, walakini alikigeuza kioo kunielekea, akasema kwa Kiswahili chetu cha hapa, “Mujomba, huyu njo mwami ya Kongo.” Nikavuta kigoda. Juu ya kile kikosi palikuwa na jina la askari wale, nikavaa miwani nikalisoma: Ngao Mbeba. Neno la pili sikulifahamu. La kwanza nalifahamu tangu utotoni, wala hapana msemaji wa Kiswahili, awe wa Lamu au wa Masisi, ambaye angehitaji mkalimani.

Mchezo wenyewe unaitwa Civilization, nao ni wa jamii ile ya michezo ya kompyuta isiyodai wepesi wa vidole bali subira na hesabu. Huchezwa kwa zamu, kama bao, au igisoro kama wasemavyo jirani zetu: mtu husogeza vyake vyote, kisha humwachia mwenziwe, na zamu mamia huweza kupita kabla ya mshindi kudhihiri. Mchezaji hupewa taifa moja na mtawala mmoja aliyepata kuishi kweli, akaanza na kijiji kimoja katika zama za kale, akakuza miji, akabuni maandishi, akajenga minara, akapigana au akapatana na majirani, hata akafika zama za kurusha vyombo angani. Sid Meier na wenziwe huko Marekani waliutoa wa kwanza mwaka 1991, na katika mataifa ya mchezo ule, kusini ya jangwa la Sahara palikuwa na Wazulu peke yao, chini ya Shaka. Wa sita ulitoka Oktoba 2016, na Kongo ilikuwamo tangu siku ya kwanza, imeketi baraza moja na Roma, Misri na Uchina, ikiongozwa na Mvemba a Nzinga.

Kijana alimwita mwami, kwa kuwa huku Kivu mfalme ni mwami, wala hatuna jina jingine lenye taadhima kuliko hilo. Wakongo wenyewe walimwita mtawala wao Mwene Kongo, na hilo mwene ni ndugu wa damu wa mwenye na mwinyi wa pwani ya Uswahilini. Dola yake ilikuwa mbali na sisi, zaidi ya kilomita 1500 magharibi, na makao yake makuu, Mbanza Kongo, leo yako Angola, si katika nchi yetu iliyorithi jina lake kwa njia ya mto.

Mvemba alikuwa mwana wa Nzinga a Nkuwu, mfalme aliyebatizwa mwaka 1491, miaka michache baada ya merikebu za Diogo Cão kutia nanga katika mlango wa mto ule. Baba alipokufa, mwana, ambaye kwa ubatizo aliitwa Afonso, alimshinda nduguye vitani akatwaa kiti, akatawala zaidi ya miaka 30, hata mwanzo wa miaka ya 1540. Aliifanya dini ya Kikristo kuwa dini ya dola, akapeleka vijana Ureno kusoma, na mwanawe Henrique akateuliwa na Papa kuwa askofu mwaka 1518. Zaidi ya yote alikuwa mtu wa barua. Mwaka 1526 alimwandikia João wa Tatu, mfalme wa Ureno, kumshitakia wafanyabiashara waliokuwa wakiwateka raia wake, na hata watoto wa watu wakubwa na jamaa zake mwenyewe, wakiwauza ng’ambo; akasema alichohitaji kutoka Ureno ni mapadri na waalimu wachache, na divai na unga wa sakramenti. Barua zile zingalipo, nazo ndizo zilizomfikisha Murara.

Katika mchezo, Mvemba amewekewa sharti la pekee: hawezi kuanzisha dini wala kujenga mitaa ya ibada, bali dini ya kigeni ikienea katika miji yake mingi, yeye huvuna baraka zake zote kama kwamba ndiye aliyeianzisha, naye Mvemba humchukia mtawala mwenye dini asiyempelekea dini hiyo. Hapa watunzi wamepatia na wamekosea kwa mkupuo mmoja. Wamepatia kwa kuwa shauku ya mtu yule ya kupelekewa waalimu ilikuwa kubwa, na aghalabu haikutimizwa. Wamekosea kwa kumfanya mpokeaji mtupu, kikombe kinachosubiri kumiminiwa, ilhali tarikhi yasema vingine: Wakongo waliitia dini ile ndani ya lugha yao, kanisa wakaliita nzo a nkisi, yaani nyumba ya nkisi, na padri wakamwita nganga, jina lile lile la tabibu wao wa jadi, ambalo Mswahili hulisikia katika mganga. Watunzi walijua neno nkisi, maana taifa la Kongo limepewa uwezo wa jina hilo, ambao kwao sanamu na masalio ya watakatifu huzidisha chakula, kazi na dhahabu. Lakini nkisi ya mchezo ni ghala ya mali, na haionyeshi kwamba kwa neno hilo hilo watu waliipokea Biblia kama kitu chao.

Vile vile mtaa uitwao mbanza, ambao katika mchezo hauruhusiwi kujengwa ila penye miti au msitu wa mvua. Nilimwuliza kijana kwa nini, akanijibu kwamba njo kanuni. Mbanza ni mji mkuu, kiti cha mtawala, na Mbanza Kongo imekaa juu ya kilima kilicho wazi. Nadhani mtunzi alisikia Kongo akaona miti, kama wengi waonavyo. Na Ngao Mbeba nao, ambao hupita msituni bila kuchelewa, wamezaliwa na dhana ile ile, ijapokuwa wapiganaji wa Kongo wenye ngao kubwa za kufunika mwili walikuwako kweli, na Wareno wakawaandika.

Katika mchezo huu hamna biashara ya watumwa. Mchezaji wa Kongo anaweza kutawala tangu zama za kale hata zama za atomiki asipate siku moja ya kuandika barua ile ya 1526, kwa sababu hatakuja mtu kumwibia raia. Sisemi kwamba mchezo wa watoto ulitakiwa uwe na minyororo, ingekuwa karaha. Nasema tu kwamba huyu Mvemba amefika kwetu amevuliwa taabu kubwa ya maisha yake, na mtu aliyevuliwa taabu yake si yule tena.

Ukimya huo huo nimeuona Unguja. Zanzibar imo mchezoni kama mji huru ambao mataifa makubwa hushindania urafiki wake, na apataye ulinzi wake huzawadiwa karafuu na mdalasini, bidhaa zisizopatikana kwa njia nyingine yoyote, ambazo huwafurahisha raia wa miji yake. Kijana alikuwa amezipata, na raia zake walikuwa na furaha kupita kiasi. Sikutaka kumharibia. Lakini karafuu zilienea Unguja na Pemba katika karne ya 19, zama za Sayyid Said, na mikono iliyozipanda na kuzichuma ilikuwa mikono ya watumwa waliotolewa bara, kwa njia ambazo katika nusu ya pili ya karne hiyo zilifika Nyangwe na Kasongo, katika Maniema yetu. Mchezo mwingine, Europa Universalis IV wa mwaka 2013, ambao huanza tarehe 11 Novemba 1444 na humruhusu mtu kuongoza takriban dola yoyote ya dunia, Kilwa ikiwamo, haukunyamaza: watumwa wamo, ni bidhaa kama chumvi na pembe, wana alama yao ndogo katika ramani na bei yao sokoni. Katika ukimya wa kwanza na hesabu hii ya pili, sijui kipi kinanichoma zaidi.

Na kwa kuwa nimeitaja Kilwa: katika Civilization ya sita Kilwa Kisiwani ni jengo la ajabu, mfano wa piramidi, na taifa lolote lenye pwani tambarare na mali ya kutosha huweza kulijenga. Mpwa wangu aliapa kwamba aliwahi kuwaona Waskithi, watu wa farasi na nyika, wakiijenga Kilwa. Ni heshima, na magofu ya msikiti mkuu na ya Husuni Kubwa, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yanastahili zaidi ya hiyo. Lakini taifa la Waswahili halimo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake, na katika mchezo wa saba wa mwaka 2025 Ibn Battuta mwenyewe ni kiongozi awezaye kuchaguliwa. Mgeni amepewa kiti. Mwenyeji wake amebaki kuta.

Kuhusu Nzinga Mbande nitasema machache. Alitiwa katika mchezo wa sita mwezi Novemba 2022, nacho ni kitendo cha haki, kwani mwanamke aliyekwenda Luanda mwaka 1622 kupatana na gavana wa Kireno, akanyimwa kiti, akaketi mgongoni mwa mtumishi wake ili wazungumze macho kwa macho, hahitaji kupambwa na mtunzi. Ila amepewa Kongo kuiongoza, ilhali alikuwa malkia wa Ndongo na Matamba, jirani wa Kongo, mara mshirika wake na mara asiyependana nayo. Ni sawa na kumtawaza mtu wa Bushi ya huku Kivu huko Buganda kwa hoja kwamba wote wana ziwa.

Buganda nayo imo sasa, katika mchezo wa saba, na hapo ndipo mimi na kijana tulipobishana. Alinionyesha picha zake katika simu: ziwa la Kabaka, lile ambalo Mwanga wa Pili aliamuru lichimbwe karibu na Mengo, jumba la Muzibu Azaala Mpanga la Kasubi, ambamo wamezikwa makabaka wanne, lililoteketea kwa moto Machi 2010 na kujengwa upya kwa nyasi na matete kwa kanuni za wazee, askari waitwao Abambowa, na kamanda wa jeshi aitwaye Mwami. Kijana akacheka, akasema wamemshusha mwami cheo. Nikamweleza kwamba kwa Waganda omwami ni mkubwa wa nchi chini ya Kabaka, na mume wa mtu pia, hivyo watunzi hawakukosa. Ila neno linapovuka mpaka hubadilika cheo, kama mtu. Hakuridhika.

Akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikilingoja: mbona sisi hatumo? Wami wa Bushi, wa Buhunde, wa Buhavu kisiwani Idjwi, mbona hapana hata mmoja?

Nilimpa miaka mitatu, ahesabu mwenyewe. Wareno wenye kalamu walifika Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1480. Speke alifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862. Mzungu wa kwanza kuliona ziwa Kivu, Count von Götzen, alifika mwaka 1894. Kwa utaratibu huo huo dola hizi zimeingia mchezoni: Kongo kwanza, Buganda baada ya miaka tisa, nasi bado. Mtunzi aliyeko Marekani hatafuti nani alikuwa na nguvu, hutafuta nani ana wasifu: jina la mtawala, sura yake, vita vyake kwa tarehe, na mji wa kutia katika ramani. Penye karatasi hupata. Pasipo na karatasi huweka msitu. Haitoshi hata kujiandikia: Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa kalamu yake mwenyewe na kwa Kiswahili fasaha, lakini hakuwa na kiti cha enzi wala mji wa babu zake, naye hamo katika michezo hii niliyoitazama; na kusema kweli sijasikitika.

Si kwamba habari zetu hazipo. Mwanatarikhi David Newbury alikaa na wazee wa Idjwi, akasikiliza koo kwa koo jinsi kisiwa kile kilivyopata ufalme, na kitabu chake kilitoka mwaka 1991, mwaka ule ule Sid Meier alipotoa mchezo wake wa kwanza. Kijana hakupata kukisikia. Nami nilikisikia nikiwa mtu mzima, kinywani mwa mgeni.

Mvua ilikuwa imepungua. Alirejea katika mchezo wake, akapeleka walowezi mpaka ubavuni mwa mlima wa moto, kwa sababu katika mchezo huu milima ya moto hutapika, na majivu yake huirutubisha ardhi. Akajenga mji wa tatu wa Kongo, akafuta jina lililoletwa na kompyuta, na kwa kuwa herufi ya M ilikuwa mojawapo ya zile mbili zilizong’oka, akabonyeza kwa ncha ya kalamu penye kitundu chake mpaka likaandikika: Murara. Baada ya zamu kadhaa mlima ulitapika. Kioo kilikuwa chekundu kitambo, mashamba mawili yakatoweka, kisha ardhi ikarudi kijani kuliko kwanza, naye akafurahi kweli kweli: “Mujomba, ona, chakula inaongezeka!”

Mimi niliyeikimbia Goma mlima wetu ulipotapika Januari 2002, godoro kichwani, na tena Mei 2021, nilitazama tarakimu iliyo chini ya jina la mji. Ilikuwa sita, sasa ilikuwa tano. Nikamwuliza yule wa sita amekimbilia wapi, Sake au Gisenyi. Alizungusha kipanya juu ya mji, akafungua ukurasa mmoja na mwingine, akatafuta kwa bidii kuliko nilivyotarajia.

“Hawakuandika, Mujomba,” akasema.