Kirusi Mpanda Basi

Wanangu, samaki naye ana mafua yake. Msicheke. Kipo kirusi kinachoua perege, nacho kwa ukoo ni ndugu wa mbali wa kile kinachowatoa nyinyi makamasi wakati wa kipupwe.

Kilianza kujulikana Israeli. Tangu 2009 perege wa Bahari ya Galilaya walikuwa wakipungua, na kwenye mabwawa ya wafugaji wakifa kwa wingi. Mwaka 2014 wanasayansi wakamtambua mhalifu. Perege akishikwa huacha kula, huja juu ya maji akielea kivivu, ngozi humchubuka, jicho huvimba na kuingia ukungu. Kuna mabwawa ambako katika kila samaki kumi wamekufa hadi tisa.

Wafugaji wa samoni kule kwenye maji ya baridi wangetuambia haya si mapya. Mwaka 1984 samoni wa Norway walianza kufa kwa kirusi kinachowamaliza damu, nacho ni cha ukoo huohuo wa mafua. Mwaka 2007 kikazuka Chile, kikauangusha ufugaji wao kwa miaka kadhaa. Sisi samoni hatumfugi, mabwawa yetu ni ya joto mno kwake. Tuna perege, na joto hilohilo kirusi chake hulipenda.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda. Walipimwa perege 191 aina ya sato, wa kufugwa na wa ziwani, na 28 wakaonyesha dalili za kirusi kwenye vipimo. Hapo ndipo pananitia wasiwasi mimi: ziwa halikuwa limejaa mizoga. Kirusi kilikuwa kimetulia ndani, zaidi kwenye bandama na figo. Kwa macho tu, usingewatenga samaki hao na wenzao.

Sasa fungueni ramani. Maji ya Ziwa Victoria hushika Mto Nile hadi Misri. Maji ya milima ya Uluguru, hapa kwetu Morogoro, huteremka kwa Mgeta na Ngerengere, yakaingia Ruvu, yakaishia Bahari ya Hindi. Mito hiyo haikutani popote. Sato, hata awe mwogeleaji hodari namna gani, hatoki Mwanza akafika Bwawa la Mindu. Labda aletwe.

Na kuletwa si kazi. Vifaranga hutiwa kwenye mfuko wa nailoni wenye maji, mfuko ukajazwa oksijeni hadi ukakakamaa, ukafungwa kwa mpira na kuwekwa kwenye buti la basi. Alfajiri wako stendi ya Msamvu, Morogoro. Ukiuinua mfuko kwenye mwanga unawaona, kila mmoja hajafika urefu wa kidole, wanazunguka, wazima kabisa. Mnunuzi anafurahi, naye ana haki ya kufurahi.

Msimlaumu mama yao. Perege jike hubeba mayai mdomoni, na akiyabeba hali, mpaka watoto wajue kuogelea. Wakitishwa, wanakimbilia mdomoni tena. Malezi kama hayo ni adimu. Lakini watafiti wamekikuta kirusi hiki hata kwenye mayai.

Halafu masika inafika. Bwawa lililochimbwa kando ya kijito linafurika, tuta linakatika, perege wa kufugwa wanakwenda zao mtoni kuwakuta perege wenyeji wa Ruvu, ambao hawakumwalika mtu.

Samaki akishaugua dawa hakuna, kwa hiyo mfugaji mjanja huuliza mapema: vifaranga hivi vimetoka wapi? Kingolwira, hapahapa Morogoro, kuna kituo cha serikali cha kuvizalisha, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kina mabwawa yake. Kwa nini ukimbilie vya mbali? Samaki wageni hukaa bwawa lao peke yao wiki kadhaa. Wavu uliowavulia haugusi bwawa jingine kabla haujaoshwa na kuanikwa juani, na bomba la kutolea maji huzibwa kwa chandarua.

Naona mkono umenyooshwa kule nyuma. Kama tunaweza kumla? Kuleni, kirusi hiki hakijulikani kumdhuru mtu. Ila perege mliyemkuta anaelea mzikeni mbali na mto, wala msimpeleke jikoni. Hamjui amekufa tangu lini.