Vazi la Kitabu Nalo Husomwa

Mpenzi wa vitabu mwenye jicho la usanifu ni mtu anayechekwa kirahisi. Ataingia Gleebooks, duka ambalo Glebe, Sydney, imelijua tangu 1975, achukue kitabu, akigeuze, apapase karatasi, apime kwa macho upana wa pambizo na umbo la herufi, na muda wote huo hajasoma hata sentensi moja. Wanaomwangalia humwona kama aliyekwenda harusini kutazama nguo za bibi harusi. Mimi nasema mtu huyo ameshaanza kusoma. Jalada, karatasi na mpangilio wa ukurasa vina maneno yake, na mara nyingine husema jambo ambalo mwandishi peke yake asingeweza kulisema.

Ushahidi bora wa hoja hii umo humo humo Sydney. Mwandishi na mchoraji May Gibbs alizaliwa Uingereza mwaka 1877, akapelekwa Australia angali mtoto, na mwaka 1913 akaweka makazi Sydney. Watoto wa nchi hiyo walikuwa wakilelewa na vitabu kutoka Uingereza, vyenye misitu na viumbe vya ajabu vya huko, wakati nje ya dirisha lao kulisimama mikaratusi. Mwaka 1918 kampuni ya Angus & Robertson ikachapa kitabu chake, Snugglepot and Cuddlepie, hadithi ya vitoto vilivyovaa kofia za vifuko vya mbegu za mkaratusi. Maadui wao aliwachora kutokana na matunda makavu ya mti uitwao banksia, yale yenye mianya inayofunguka kama midomo mingi juu ya mwili mmoja wenye vinyweleo. Ondoa michoro hiyo, ubaki na maneno: utapata hadithi ya kupendeza ya watoto wanaosafiri porini, basi. Ni mkono wa mchoraji uliomfanya msomaji atoke nje, aokote tunda chini ya mti, aone uso ndani yake. Nyumba aliyochorea kwa miaka mingi, Nutcote, iliyojengwa 1925 Neutral Bay, leo ni makumbusho.

Wako watakaosema kwamba urembo huu ni wa wenye pesa, na kwamba msomaji wa kawaida anahitaji kitabu cha bei nafuu, si jalada la kujivunia. Pingamizi hili lina uzito, hasa kwetu, ambako bei ya riwaya moja hushindana na bei ya unga. Lakini linachanganya gharama na fikra. Mwaka 1935 wachapishaji wa Penguin walitoa vitabu vyao 10 vya kwanza mjini London kwa peni sita kila kimoja, bei ya pakiti ya sigara kumi. Majalada hayakuwa na picha yoyote zaidi ya ndege mdogo: mistari ya rangi tu, chungwa kwa riwaya, kijani kwa hadithi za upelelezi. Rangi zile zilimwelekeza mnunuzi kama vibao vya barabarani, na gharama ya uchapaji haikupanda. Ubaya wa kitabu, kwa kawaida, hutokana na uvivu wa aliyekipanga kuliko ufukara wa aliyekichapa.

Wengine husema wapenzi wa sura hujaza rafu vitabu wasivyovisoma. Wapo, nakubali. Ila mkusanyaji David Scott Mitchell, aliyeishi kwa kujitenga Darlinghurst Road, Sydney, alifariki 1907 akiwa amekusanya vitabu, ramani, picha na miswada, jumla vitu kama 60,000, akaviusia umma pamoja na pauni 70,000. Maktaba ya Mitchell ikafunguliwa 1910, na hadi leo ni sehemu ya Maktaba ya Jimbo la New South Wales. Ni kweli kwamba Mitchell alitafuta habari za Australia kuliko uzuri. Lakini kwa kuhifadhi vitu vyenyewe, badala ya kunakili yaliyomo, alimwachia mtafiti karatasi, wino na chapa, navyo ni ushahidi. Kitabu kinachosomwa kwenye simu hakitoi ushahidi huo: ndani ya simu utenzi na risiti ya umeme huvaa herufi zilezile.

Wala mapenzi haya si mageni kwetu. Mafundi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, kwa kuwa neno tukufu lilistahili vazi lake. Kilichobaki ni kuwatambua mafundi wenyewe: Australia imekuwa ikiwatuza wasanifu wa vitabu tangu miaka ya 1950, tena kwa kuwataja majina. Msomaji, chukua kitabu cha Kiswahili kilicho karibu nawe, fungua ukurasa wa haki za uchapaji, utafute jina la aliyechora jalada. Usipoliona, mwandikie mchapishaji umuulize.