Bango la Mradi Limfikie na Mkulima

Mwanafunzi wa Bugarama anayetafuta tatizo la kulifanyia mradi wa teknolojia hana haja ya kwenda mbali. Bondeni kwake, wilayani Rusizi nchini Rwanda, hulimwa mpunga wa kumwagilia, na penye mpunga hapakosi swali la maji: mfereji ufunguliwe lini, na ufungwe lini. Hapo mradi mzuri unaweza kuzaliwa. Lakini miradi mingi mizuri hufia ukutani siku ya maonyesho. Bango limejaa maandishi kama ripoti iliyopanuliwa, na mpita njia hajui aanzie wapi.

Tuchukue mfano. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, yenye makao yake Ufilipino, imeeneza mbinu ya kulowesha na kukausha shamba kwa zamu. Mkulima huzika bomba la plastiki lenye matundu ubavuni na kuchungulia kina cha maji ndani yake. Maji yakishuka hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, humwagilia tena. Mpunga unapotoa maua, hauachwi ukauke. Tuseme wanafunzi wameweka kihisi juu ya bomba hilo na kukiunganisha na Arduino, ubao mdogo wa kielektroniki unaoweza kuprogramiwa, ili taa nyekundu iwake maji yakifika kwenye sentimita 15. Mkulima anaitazama taa akiwa juu ya tuta, bila kuingia matopeni.

Sasa watengeneze bango. Kabla ya kufungua kompyuta, waandike sentensi moja: mtu akikumbuka jambo moja tu kesho, liwe lipi? Sentensi hiyo ndiyo kichwa cha bango. Wengi wangeandika: “Usanifu na Utekelezaji wa Mfumo wa Kielektroniki wa Ufuatiliaji wa Kiwango cha Maji”. Maneno yote hayo ni sahihi, na hakuna hata moja linalomhusu mkulima. Afadhali: “Taa hii inamwonyesha mkulima wa mpunga lini afungue maji”. Hapo tunajua ni kitu gani, ni cha nani na kinafanya nini.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna mwalimu wa jambo hili kabatini. Kanga ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yale maneno machache yanayosomwa mtu akipita. Mbunifu wake hachanganyi vitu hivyo, na jina halijai aya tatu. Bango nalo lina pindo, yaani nafasi tupu pembeni inayolipa jicho pumziko; lina mji, yaani picha kuu; na lina jina. Mwaka 2019 Mmarekani Mike Morrison, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika saikolojia, alisambaza pendekezo lililowagusa watafiti wengi: matokeo makuu yaandikwe katikati ya bango, kwa lugha nyepesi na herufi kubwa, na maelezo ya ziada yakae pembeni. Mwenye kanga hawezi kulishangaa.

Mji wa bango letu uwe mchoro wa bomba lililokatwa ubavuni: udongo, matundu, maji, kihisi juu, na mstari mmoja mwekundu kwenye sentimita 15. Mtoto wa darasa la nne akiuona, ataelewa. Picha ya waya zilizosongamana juu ya meza inaonyesha kwamba wanafunzi wamefanya kazi, lakini haielezi kazi yenyewe. Ikibidi iwepo, iwe ndogo, na kila kifaa kipewe jina.

Kando ya mchoro kuwe na sehemu nne fupi: tatizo, tulichotengeneza, tulichopima, na kilichotushinda. Hii ya mwisho wengi huificha, nayo ndiyo inayojenga imani. Kama kihisi kilitoa vipimo vya uongo baada ya kuingiwa na tope, semeni, na mweleze mlivyokilinda. Matokeo yawekwe kwenye grafu moja, siku chini na sentimita ubavuni, badala ya jedwali la tarakimu mia. Maneno yote ya bango yasizidi 400.

Sasa vipimo. Karatasi ya A0 ina milimita 841 kwa 1189. A1 ni nusu yake, milimita 594 kwa 841. Kwenye A0, herufi za maelezo zisiwe chini ya pointi 28, na kichwa kivuke pointi 85. Kuna njia rahisi ya kupima. Chapisheni bango zima kwenye A4, ambayo upana na urefu wake ni robo ya A0. Pointi 28 zitakuwa 7. Ikiwa mtu mwenye macho mazuri hawezi kuisoma nakala hiyo mkononi, msomaji wa ukutani naye atapata taabu.

Picha nazo zina hesabu yake. Picha itakayochapishwa kwa upana wa sentimita 30, ikitakiwa nukta 150 kwa kila inchi, inahitaji pikseli zipatazo 1770 kwa upana. Simu nyingi za leo hupiga zaidi ya hapo. Tatizo huja picha inapotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida: hubanwa, na ikikuzwa huonekana yenye ukungu. Itumeni kama faili. Rangi pia hubadilika, kwa kuwa kioo cha kompyuta hutoa mwanga ilhali mashine ya kuchapa hutumia wino, hivyo kijani kinachong'aa hufifia. Maandishi meusi juu ya weupe hayajawahi kumwangusha mtu.

Kisha kuna lugha. Bugarama iko jirani na Burundi kupitia Ruhwa, na jirani na Kongo kupitia Kamanyola. Kiswahili kinasikika huko, na tangu 2017 ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Shuleni masomo ni kwa Kiingereza, basi mwili wa bango unaweza kubaki hivyo kwa ajili ya majaji. Lakini kichwa na majina ya mchoro yaandikwe pia kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Mkulima ambaye kifaa kimetengenezwa kwa ajili yake asihitaji mkalimani ili akielewe.

Mwisho, bango halisimami peke yake. Katika Young Scientists Tanzania, mpango ulioanzishwa 2011, wanafunzi wa sekondari husimama kando ya mabango yao na kujibu maswali ya majaji. Jiandaeni kueleza mradi kwa dakika moja, kidole kikiwa kwenye mchoro. Na siku moja kabla ya maonyesho, lipelekeni bango shambani, mlionyeshe kwa mkulima mmoja bila kusema neno, kisha mwulizeni kifaa kinafanya nini. Akijibu sawasawa, bango liko tayari. Asipojibu, rudini mkalirekebishe; yeye hana kosa.